KABLA HUJANUNUA RAUTA NYINGINE, ANGALIA NAMBA HIZI

Leo ni kwa wale wenye modemu ya laini dukani, wakaongeza rauta ili waifai ifike mbele kwa wateja. Umechomeka waya, taa zote zinawaka, simu inaonyesha waifai imejaa, lakini intaneti hakuna. Unaambiwa rauta imekufa, nunua nyingine. Subiri kwanza! Inawezekana ni nzima kabisa, tatizo likawa namba.

Vifaa viwili vina faida yake. Hapa Engaresero, duka likiwa la bati, bati linazuia mtandao. Modemu unaiweka pale panaposhika vizuri, rauta unaiweka kaunta. Waya wa mtandao unafika hadi mita 100. Mgeni akishuka Ol Doinyo Lengai anataka kutuma picha na kulipa. Ukimwambia mtandao hakuna, anapita na hela yake.

TATIZO LIKO WAPI?
Kila kifaa kwenye mtandao kina namba yake, inaitwa anwani ya IP. Modemu inagawa namba kwa vifaa vyake, rauta nayo inagawa kwa vyake. Nyingi zinatoka kiwandani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hizi ni namba za ndani, ndiyo maana duka lako na la jirani mnaweza kutumia zilezile bila kugombana.

Shida ni vifaa viwili vyenye namba moja vikiunganishwa. Ni kama maboma mawili yenye ng'ombe wa alama moja. Kila mtu akiwa malishoni kwake hakuna neno. Wakikutana kisimani, utajuaje yupi wa nani?

FANYA HIVI
1. Unganisha simu na waifai ya modemu. Ingia kwenye mipangilio, gusa jina la waifai, tafuta namba ya "Gateway". Iandike. Fanya hivyohivyo kwa rauta.
2. Zikifanana, badilisha ya rauta. Andika namba yake kwenye kivinjari, ingiza neno la siri (angalia chini ya rauta), nenda sehemu ya LAN, weka 192.168.2.1, hifadhi. Itajizima na kuwaka. Kuanzia hapo unaingia kwa namba mpya.
3. Chomeka waya: upande wa modemu tundu la LAN, upande wa rauta tundu la WAN.
4. Sehemu ya WAN chagua "Dynamic IP", yaani rauta ipewe namba na modemu yenyewe.
5. Zima vyote. Washa modemu, subiri kama dakika 3, ndipo uwashe rauta.

BADO INAGOMA?
Angalia hali ya WAN kwenye rauta. Ukiona 0.0.0.0, rauta haijapewa namba: kagua waya na tundu. Ukiona namba inayofanana mwanzo na ya modemu, mfano 192.168.1.100, basi kati ya modemu na rauta pako sawa. Angalia kama bando limeisha au laini haishiki mtandao.

KAMA UNA PRINTA
Printa ikiwa kwenye modemu na simu ipo kwenye rauta, zinaweza zisionane. Njia rahisi: hamishia printa kwenye rauta, vyote vikae upande mmoja.

MWISHO
Ukiwa bado humo ndani, badilisha neno la siri la kuingilia kwenye rauta. Wageni wape waifai yao ya "Guest" kama rauta yako inayo, wasiingie kwenye vifaa vya duka.

Ukimaliza, andika zile namba mbili kwenye karatasi, bandika nyuma ya modemu. Siku ikigoma na wewe uko mnadani, kijana wa dukani ataanzia hapo. Mtumie na mwenzako anayetaka kununua rauta ya pili. Biashara njema!