Dawa ya Msokoto wa Tumbo na Bahasha Isiyo na Maelezo

Aghalabu mkazi wa Kayole, Umoja au Dandora jijini Nairobi akishikwa na msokoto wa tumbo usiku hamwendei tabibu kwanza, bali huliendea duka la dawa lililo karibu na steji, akasema tumbo linamkata, akakatiwa kwa mkasi vidonge kadha kutoka katika bamba, vikatiwa ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa 2x3, yaani viwili mara tatu kwa siku, ilhali karatasi ya maelezo imesalia dukani ndani ya boksi.

Dawa yenyewe siilaumu. Hayosini butilibromaidi, ambayo umma huijua kwa jina la Buscopan, imetumika kwa zaidi ya miaka 70. Misuli ya matumbo hujikaza kwa amri inayochukuliwa na kemikali iitwayo asetilikolini, na amri hiyo ikizidi kiasi tumbo husokota. Dawa hii huziba mahali amri inapopokelewa, misuli ikatulia. Lakini kemikali hiyo hiyo huamuru pia mate, moyo, jicho na kibofu, na ijapokuwa kidonge kikimezwa ni sehemu yake ndogo mno iingiayo damuni, wapo wanaokaukwa na kinywa, wanaodundwa na moyo, na wanaofunga choo. Kwa sababu hiyo mwenye presha ya macho, mzee ambaye tezi dume humfanya akojoe kwa taabu, na mwenye moyo uendao mbio, sharti wajizuie nayo mpaka waonane na tabibu. Muuzaji mara nyingi hawaulizi, wala wao hawajui kwamba yafaa kusema.

Linalonishangaza zaidi ni mchanganyiko. Anayetapika huku akisokotwa huuziwa Buscopan pamoja na Plasil, yaani metoklopramaidi, ambayo huyahimiza matumbo yasukume mbele, ilhali ile ya kwanza huyatuliza. Zikashindana ndani ya tumbo moja, kila moja ikiipunguzia mwenziwe nguvu, na mgonjwa amezilipia zote mbili! Piriton ya mafua na amitriptilini ya sonona nazo, zikimezwa pamoja na Buscopan, huzidisha ukavu wa kinywa na uzito wa choo.

Fauka ya hayo, Buscopan haiui kijidudu chochote. Nairobi ilipatwa na kipindupindu mwaka 2015 na tena 2017, na katika mitaa ambayo mfereji ukikauka maji hununuliwa kwa mtungi, maradhi ya tumbo si jambo la ajabu. Homa ya matumbo, kidole tumbo kilichovimba, hata mimba iliyotunga nje ya mji wake, yote huweza kuanza kwa maumivu ambayo mtu atayaita msokoto tu, akayanyamazisha kwa vidonge huku maradhi yakiendelea. Maumivu yakizidi au yasipoondoka, tumbo likiwa gumu kuguswa, pakiwa na homa, damu chooni, kutapika kusikokoma, kukosa choo na upepo, au mwanamke amekosa hedhi, basi na aende hospitali, mathalani Mama Lucy Kibaki, usiku ule ule.

Penye msokoto wa kawaida, mnunuzi anayo haki ya kutaka bahasha iandikwe jina la dawa, nguvu ya kidonge, ambayo kwa kawaida ni miligramu 10, na tarehe ya kuharibika, kisha asomewe ile karatasi. Na kabla ya kutoa pesa, autazame ukuta aone kama cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu kimetundikwa.