Dema Halisukwi kwa Amri

Mwaka jana tulisimama katika diko moja la magharibi ya Pemba tukishuhudia juya likichomwa moto. Tulikuwa miongoni mwa waliokaa kikao kilichoamua lichomwe, kwa hiyo hatuwezi kuieleza habari hii kana kwamba ilitendwa na watu wengine. Sheria ilikuwa wazi. Juya la kukokota ni marufuku, na lile lilikuwa na macho madogo ambayo hata kidole cha mtoto kingepita kwa taabu. Mwenyewe alikwisha kuonywa mara mbili. Mafuta yakamiminwa, kiberiti kikawashwa, nailoni ikayeyuka na kugandamana na mchanga mfano wa lami. Mwenye juya hakutukana wala hakulia. Alikaa juu ya gogo pamoja na wanawe wawili wakubwa, na moto ulipozimika akatuuliza: "Hili mmelimaliza, waheshimiwa. Sasa sisi tukavue kwa nini?"

Tulimjibu kuwa akavue kwa zana za halali. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na halikumsaidia kitu. Ndugu wasomaji, leo twataka kueleza kwa nini halikumsaidia.

Yeyote aliyezaliwa katika visiwa vyetu anafahamu kuwa uvuvi ni kazi ya nyumba kabla haujawa kazi ya mtu. Ngalawa moja hukusanya ukoo. Baba ndiye nahodha, ami yuko kwenye tanga, na mtoto wa kiume aliyekwisha kujua kuogelea huketi katikati akiwa na upo mkononi, akikumba maji na kukaripiwa. Nchi kavu wapo wanaoponda chambo, wanaoshona tanga, wanaochambua samaki wa kitoweo na wa kuuza. Sisi wenyewe tulianza hivyo. Tulikuwa na chuo cha Kurani kwa wakati wake na skuli ya Serikali kwa wakati wake, na siku chuo kilipofungwa tulikuwa baharini na baba, au tuseme kweli, mara nyingi tulikuwa chini ya mwembe tukimtazama anavyosuka dema.

Dema ni chombo kinachodharauliwa na asiyewahi kukisuka. Mianzi hukatwa, ikapasuliwa, ikachongwa mpaka ikawa fito nyembamba zinazopindika bila kuvunjika. Fito hizo husukwa kwa macho ya pembe sita, kisha uso wa juu na wa chini huunganishwa kwa ubavu. Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni mdomo, yaani ule mlango unaoingia ndani huku ukipungua, ambao ncha zake zimeelekezwa ndani ili samaki aingie kwa raha na asipate pa kutokea. Mdomo ukiachwa wazi mno, tasi huingia na kutoka kama wageni wa barazani. Ukibanwa mno, chewa hugeuka akaenda zake. Nyuma huachwa kidirisha cha kumtolea samaki, na kidirisha nacho kina fundo lake ambalo kila ukoo hufunga kwa namna yake, hata mwizi akilifungua na kulifunga tena hujulikana.

Baba alikuwa akilipima jicho la dema kwa vidole viwili. Vikipita bila kulazimishwa, jicho limefaa. Visipopita, alilifumua dema zima, na sisi tuliosuka upande huo tukarudia kazi huku wenzetu wakicheza mpira. Tulipomwuliza sababu, alisema hana haja ya kumla mtoto wa tasi. Hapakuwa na Bwana Samaki aliyemwagiza, wala hatukumbuki siku aliyotaja sheria. Kipimo kilikuwa mkononi mwake.

Kisha dema hutiwa chambo cha kaa waliopondwa na majani ya baharini, likawekewa mawe, likazamishwa kando ya miamba. Baba hakupenda kuweka boya, maana boya huwaonyesha na wenye tamaa. Alishika alama za nchi kavu: mnazi fulani ukikaa sawasawa na pembe ya paa la msikiti, na upande wa pili kilima kikigusa ncha ya kisiwa, basi dema liko chini yako. Mwalimu wa hesabu alipotufundisha baadaye kuwa mistari miwili iliyonyooka hukutana mahali pamoja tu, tulikuwa tumekwisha kupajua mahali hapo.

Tumelieleza dema kwa urefu kwa sababu ndilo tulijualo zaidi, lakini zana nyingine zina elimu yake vilevile. Mshipi wataka mtu ajue uzito wa chubwi kwa nguvu za mkondo wa siku ile. Kurambaza kutafuta nguru na jodari katika mkondo wa Pemba, ambako kina hushuka ghafla mara tu uachapo miamba, kwataka anayesoma upepo na ndege. Uzio wataka anayejua njia ya samaki maji yanapokupwa. Hakuna hata moja kati ya hizi inayofunzwa kwa semina ya siku tatu.

Na pweza je? Pweza havuliwi, huwindwa. Maji ya bamvua yanapotoka sana na miamba kufunuka, mama zetu hushuka na vijiti vyao, wakitazama tundu lenye maganda ya kaa mlangoni na vijiwe vilivyopangwa na mwenye nyumba. Hapo huchokoa. Mama yetu alikuwa akiyajua matundu ya mwamba wake kama sisi tunavyozijua nyumba za mtaa, nani amehama na nani amehamia. Fedha ya madaftari yetu ya skuli ilitoka humo zaidi kuliko ilivyotoka ngalawani, jambo ambalo baba hakupenda litajwe mbele ya wageni.

Hayo yote yalikuwa na adui wengi, si juya peke yake. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda katika magharibi yote ya Bahari ya Hindi, matumbawe yakageuka meupe na sehemu kubwa yake ikafa, pamoja na ya kwetu. Pako palipopona kwa miaka, pako palipobaki kifusi mpaka leo. Mwaka huohuo Misali iliwekwa katika hifadhi, na mwaka 2005 eneo la mkondo wa Pemba likatangazwa kuwa hifadhi pia. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ikaandikwa upya mwaka 2010. Kwa hiyo asiseme mtu kuwa Serikali ililala. Hatua zilichukuliwa, na sisi wa Chama tulizisimamia na tutazisimamia.

Lakini katika muda huohuo dema lilikuwa linakufa, na hakuna aliyeandika ripoti. Mianzi imekuwa ya kununua. Fito huoza, na dema lililoliwa na bahari lataka kusukwa jingine baada ya miezi michache. Kulisuka ni kazi ya siku kadhaa kwa mtu anayejua, na mtu huyo siku hizo hajaingiza kitu nyumbani. Juya halina masharti hayo. Juya huja limekwisha kushonwa, na atakaye hahitaji hata fedha: yupo tajiri atakayelitoa kwa mkopo na kujilipa katika mnada, fungu baada ya fungu, kwa hesabu anayoijua yeye. Wala halihitaji elimu. Lahitaji mikono ya vijana wengi wa kuvuta kamba, na vijana wasio na kazi ndio tulionao kwa wingi. Likikokotwa juu ya majani ya baharini huzoa kila kitoto kilichojificha humo, na likifika mwambani huvunja. Ukitazama ndoo zao utawaona changu wa urefu wa kidole gumba, ambao wachuuzi huwauza kwa fungu la bakuli.

Juya tulilolichoma lilikuwa la mkopo. Hatukuuliza siku ile. Tulikuja kulijua hilo baadaye, tulipokwenda kumwamkia baba yake mwenye juya, mzee ambaye zamani alisuka madema kando ya baba yetu. Nusu ya bei ilikuwa haijalipwa. Nyavu zimekuwa majivu, deni limebaki zima, na tajiri hakuwapo diko siku ya moto wala jina lake halimo katika kumbukumbu za kikao. Tulimwadhibu mwenye kukokota tukamwacha mwenye kukokotesha. Kama hilo ni kosa, nasi tumo ndani yake, maana mkono wetu ulinyanyuliwa pamoja na mingine.

Yapo na yale ya neema ambayo yanatupita pembeni. Mwaka 2020 iliundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na tangu hapo wavuvi wamehimizwa kuingia katika vikundi ili wapatiwe boti, mashine na mikopo. Shabaha ni njema: watu watoke miamba ya karibu waende maji makubwa. Lakini kikundi chataka katiba, mwenyekiti, katibu, mshika fedha na akaunti ya benki. Baba na wanawe na ami yao hawana katiba. Wana ngalawa. Kwa miaka mia wamegawana samaki bila muhtasari wa kikao: fungu la chombo, fungu la zana, fungu la watu, na kitoweo cha nyumba ya mjane. Wakifika ofisini huambiwa wao si kikundi. Papo hapo watu kumi wasiopata kulala baharini usiku mmoja huandika katiba kwa mchana mmoja, wakapewa boti. Moja tumeiona imefungwa kwenye mikandaa, mashine imeharibika, kila mwanakikundi akimngojea mwenzake anunue kipuri.

Kwa upande wa pweza kuna jambo la kutia moyo na jambo la kutia haya. Pweza hukua upesi mno, umri wake wote ni kama mwaka mmoja na kitu, na jike hufa baada ya mayai yake kuanguliwa. Kwa hiyo mwamba ukifungwa miezi michache tu, hufunguliwa ukiwa na pweza wakubwa. Wavuvi wa Andavadoaka huko Madagaska walianza jambo hilo mwaka 2004, na kwetu watu wa Kisiwa Panza ni miongoni mwa waliolifuata. Hilo ndilo la kutia moyo. La kutia haya ni hili: mwamba unapofungwa, anayekosa kitoweo cha jioni ni mwanamke aliyekuwa akishuka na kijiti, na siku ya kufunguliwa wanaofika wa kwanza ni wanaume wenye vyombo, miwani na mikuki, ambao hawangoji maji yatoke. Katika kikao chetu cha kuchagua mwamba wa kufunga tulikuwa wanaume watupu. Tulinyoosha vidole juu ya ramani, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyepata kuukanyaga mwamba ule kwa miguu yake.

Twaamini mambo hayo yanaweza kurekebishwa bila kungoja sheria mpya. Kikao kinachoamua kuchoma zana kiwe ndicho kinachoamua mwenyewe atapewa nini mkononi, na lini, kabla kiberiti hakijawashwa. Ukoo wenye ngalawa uandikwe kama ulivyo, kwa ushahidi wa sheha na wazee wa diko, uhesabiwe kuwa kikundi. Wazee wanaojua kusuka dema waitwe katika skuli zetu za pwani, na walipwe, kwa sababu tumeshindwa kuona kwa nini fundi seremala alipwe kwa kufundisha na fundi dema afundishe kwa sadaka. Kamati za uvuvi za shehia zitenge viti vya wachokoaji pweza, na wao ndio waseme mwamba upi ufungwe na ufunguliwe kwa utaratibu gani. Na aliyekopesha juya haramu ashitakiwe pamoja na aliyelivuta, deni lake likihesabiwa kuwa limeungua.

Mwenye juya lile hayupo tena kisiwani. Amekwenda dago ng'ambo na wanawe wawili wakubwa, kuvua katika chombo cha mtu mwingine ili alipe deni. Mwanawe mdogo amebaki kwa babu yake. Tulipofika mara ya mwisho tuliwakuta uani wakisuka dema kwa mikanda ya plastiki, ile ya kufungia mizigo, waliyoiokota bandarini, kwa kuwa mianzi imewashinda bei. Mtoto alikuwa amekosea mdomo, babu akimfumulisha. Tulimwuliza mzee kama plastiki itafaa. Akasema haijui bado, ila haiozi, na jambo hilo linamtia wasiwasi, kwa maana dema likipotea chini litaendelea kuvua bila mwenyewe. Alikuwa akifikiria kukifunga kidirisha kwa kamba ya makumbi, ili ioze na kufunguka yenyewe.

Kamati inakutana tena kabla ya kusi kuanza. Tumeomba jina la yule tajiri liwekwe katika ajenda, na mpaka tunaandika haya hatujajibiwa.