Mtoto Anapofariki Wakati wa Kuzaliwa: Mwongozo Mzuri wa Kuwahudumia Wazazi Ukoje?

Katika taarifa zetu za huduma ya mama na mtoto tumezoea kuhesabu akina mama waliojifungua salama. Makala hii inawahusu wale wanaorudi nyumbani mikono mitupu. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2021 watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wakiwa wamefariki, mimba ikiwa imefikisha wiki 28 au zaidi. Wengine huzaliwa hai na kufariki ndani ya siku 7 za kwanza.

Mwongozo wa huduma ni maelekezo ya maandishi yanayomwambia mtoa huduma afanye nini, lini na kwa nani. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kufuatilia na kujadili vifo vya akina mama na watoto vinavyotokana na uzazi, ili chanzo kijulikane na kisijirudie. Kazi hiyo ni muhimu sana. Hata hivyo, kujua chanzo cha kifo ni jambo moja, na kumhudumia mama aliye wodini bila mtoto ni jambo jingine.

Ubora wa mwongozo hupimwaje? Kipimo kinachotumika sana duniani ni AGREE II, kilichotolewa mwaka 2010. Kina vipengele 23 katika maeneo sita: lengo la mwongozo, ushirikishwaji wa wahusika, umakini wa utafiti, maelezo yanayoeleweka, uwezekano wa kutumika, na uhuru wa waandishi wake. Kwetu Upareni maeneo mawili yana uzito wa pekee.

Kwanza ni ushirikishwaji. Je, wazazi waliofiwa waliulizwa? Utafiti uliofanyika Kenya na Uganda na kuchapishwa katika jarida la BJOG uliwasikiliza wazazi wenyewe. Walieleza juu ya maelezo haba, kukosa faragha, na unyanyapaa katika jamii. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kanuni nane za kuwahudumia waliofiwa. Miongoni mwake ni heshima, kuwashirikisha wazazi katika maamuzi, kutambua huzuni yao, kuwaeleza sababu ya kifo, kuwaandaa kwa mimba ijayo na kuwafundisha watumishi.

Pili ni uwezekano wa kutumika. Mwongozo unaodai chumba maalumu na mshauri nasaha hausaidii zahanati ya milimani yenye muuguzi mmoja. Lakini pazia, kiti cha baba, kuwauliza wazazi kama wanapenda kumwona mtoto wao, na kuwaeleza ukweli kwa lugha nyepesi, hayo yanawezekana popote. Aidha, maziwa huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya nne, wakati mama huenda amekwisha kupanda kurudi Chome au Vudee. Mwongozo unaofaa utasema aelezwe mapema namna ya kupunguza maumivu, na nani atamtembelea nyumbani.

Hapa ndipo usharika unapoingia. Tunaomba kila kamati imwulize mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya cha jirani maswali matatu: Je, kuna maelekezo ya maandishi juu ya wazazi waliofiwa? Watumishi wamefundishwa? Nani huwafuatilia wakisharudi nyumbani? Majibu yaletwe ofisi ya miradi, ili tukiomba fedha za mafunzo tuombe kwa kinachohitajika. Wafadhili wetu nao wafahamu kuwa mafunzo haya hayahitaji jengo wala mashine.

Wakati huo huo, wazee wa kanisa na wainjilisti wasisubiri mwongozo. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa ana wazazi wanaolia. Waende kuwaona, wamwite mtoto kwa jina kama alipewa, wasali nao, na wajiepushe na kauli ya "mtapata mwingine." Baba naye apewe pole, maana mara nyingi husahauliwa.