Safari ya Kutwa Kutoka Lamu Mpaka Faza

Katika visiwa vya Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya, msafiri hatoshelezwi na saa yake ya mkononi. Yampasa kwanza autazame mwezi. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, hata tofauti yake hupita meta 3. Siku za katikati ni za maji mafu, ambayo mwendo wake ni mdogo. Tena kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Haya ndiyo yaliyoitawala safari ya jirani zetu wawili, mume na mke, nasi twaona ni vema wasomaji wetu waisikie.

Bwana ni mwalimu aliyekwisha staafu. Mkewe ni mzaliwa wa Faza, katika kisiwa cha Pate, binti wa mvuvi. Wanayo mashua yenye mashine ndogo ya petroli, nao walikusudia kwenda kumwamkia mama mzaa mke, ambaye ni mkongwe, na kurudi siku ile ile, kwa kuwa wajukuu wawili waliachwa kwa jirani.

Njia ya vyombo vidogo hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko kulia na kushoto. Ukipita humo waepuka bahari kuu. Lakini wakati huo maji yakipwa hapakuwa na kina, na chombo kiliweza kupwelewa, kikakaa matopeni mpaka maji yarudi. Siku za bamvua huko maji hujaa yapata saa 10 au saa 11, alfajiri na jioni. Kwa hiyo walichagua siku iliyofuata mwezi mpevu, mwishoni mwa kaskazi, pepo zilipokuwa zimetulia. Walitoka Lamu saa 11 u nusu alfajiri, wakapita Mkanda bila taabu, wakaingia ghuba ya Manda jua likichomoza.

Kutoka hapo walikwenda kaskazini wakiiacha Mtangawanda kuume, wakapita mbele ya Siyu. Mji huo ni mdogo siku hizi, lakini zamani ulikuwa na nguvu hata ukapigana na Masultani wa Unguja, ukashindwa mwaka 1863. Ndiko alikoolewa Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga mwaka 1858 utenzi wa kumwusia binti yake, na sehemu kubwa ya wosia huo yahusu namna ya kukaa na mume. Bwana alimkumbusha mkewe jambo hilo kwa mzaha. Mke akajibu kwamba Mwana Kupona hakuambiwa habari za mashine.

Faza walifika saa 3. Walikula mkate wa mofa na samaki, wakazungumza na mama, na wazee wa jirani wakaja kuwasalimu. Bwana, aliyenogewa na mazungumzo, alitaka waondoke saa 9. Mke alikataa: ni saa 8, wala si baadaye. Wakaondoka saa 8.

Walipokuwa wakikaribia Mtangawanda mashine ikakohoa, ikanyamaza. Walitia nanga. Bwana alifungua kichujio, akakuta petroli imechanganyika na maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini. Basi wakaimimina katika chupa nyeupe moja baada ya moja, wakangoja itengane, wakaichota ya juu na kumwaga ya chini. Kazi hiyo ni ya polepole nayo haikubali haraka. Mara mbili mashine iliwaka ikazimika tena. Ilipokubali ilikuwa saa 12 u nusu, jua limekwisha tua, na maji yalikuwa yameanza kupwa.

Hapo palikuwa na shauri. Bwana alisema wapite nje, wauzunguke Manda kwa bahari kuu, kwa sababu huko kina kipo. Mkewe akamwambia, “Bwana wangu, nje kuna mawimbi na miamba, na mashine hii imekwisha tuonyesha tabia yake. Ikizimika huko usiku, tutaokolewa na nani? Mkanda tukipwelewa tutalala na mbu, lakini asubuhi tutaamka.” Bwana alikaa kimya kitambo, kisha akageuza usukani kuelekea Mkanda. Nilipomwuliza kwa nini alikubali upesi hivyo, alinijibu kuwa yeye alijifunza bahari vitabuni, na mwenziwe alijifunza mashuani mwa baba yake.

Walifika mlangoni karibu na saa 2 usiku. Mwezi ulikuwa umepanda, mizizi ya mikoko imeanza kuonekana. Mke alisimama omo na upondo, akipima: kiunoni, pajani, tena kiunoni. Alipoona mkondo umehamia upande wa bara alielekeza kwa mkono, naye bwana akafuata. Mahali pamoja chini ya mashua pakakwaruza. Walizima mashine, wakaiinua, na wote wawili wakasukuma kwa upondo na kasia kwa muda wa nusu saa, matope yakinuka, wala hapana aliyesema neno. Kisha upondo ukazama mpaka mkononi, mke akacheka.

Lamu walifika saa 4. Wajukuu walikuwa wamelala kwa jirani, hawakuamshwa. Asubuhi yake bwana alikwenda dukani akanunua faneli yenye kichujio kizuri, na chupa mbili nyeupe za kuweka mashuani.