Kilichofichwa, Kilichofichika na Kilichosazwa: Maudhui Yasiyotumiwa katika Michezo ya Kompyuta

Miongoni mwa dhana zinazomsumbua mfasiri wa maandishi ya kompyuta, ipo moja ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kudhaniwa ni ya watoto na wapenda michezo tu. Nayo ni ile ya vitu vilivyotayarishwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, kisha vikaachwa, lakini vikabaki ndani ya mafaili ya mchezo uliouzwa madukani: picha, sauti, maandishi, wahusika, hata hatua nzima za mchezo ambazo mchezaji hazioni kamwe. Mfasiri mwenye haraka huandika "maudhui yaliyofutwa" akaendelea na kazi yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo halifai, na kwamba tofauti iliyopo si ya mapambo ya lugha.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mchezo wa kompyuta una vitu, yaani picha, sauti na kadhalika, na una programu inayoviita vitu hivyo kila kimoja kwa wakati wake. Kitu kisichoitwa hakionekani, ingawa kipo. Sasa tuchukue kwamba siku ya kuutoa mchezo imekaribia, na watengenezaji wameamua kuacha sehemu moja. Wanazo njia mbili, kama mwenye nyumba asiyekihitaji tena chumba: aweza kukibomoa, au aweza kuuziba mlango wake kwa matofali. Kubomoa kuna hatari, kwa kuwa huenda ukuta wa chumba kile ndio unaobeba dari la chumba cha pili. Vitu vya mchezo mara nyingi hutajwa kwa nambari za mfululizo. Ukikiondoa cha 20, programu iliyozoea kukiita cha 21 huenda ikaita kitu kingine kabisa, na mchezo ukakwama. Ndiyo maana wengi huziba mlango, wakaacha chumba na samani zake.

Mifano ni mingi. Katika Sonic the Hedgehog 2, mchezo wa kampuni ya Sega uliotoka mwaka 1992, hatua iliyoitwa Hidden Palace iliachwa, na katika orodha ya sauti za mchezo huo ulibaki wimbo ambao hausikiki katika hatua yoyote. Jina la Hidden Palace lilirudi katika Sonic & Knuckles mwaka 1994, na mwaka 2013 hatua yenyewe ilitengenezwa upya katika toleo la simu. Mfano mwingine ni mchezo wa pili wa Knights of the Old Republic, uliotengenezwa na Obsidian na kutolewa mwaka 2004 kwa haraka. Mazungumzo yaliyokwisha kurekodiwa na waigizaji yalibaki katika mafaili, na wachezaji wa kujitolea wakayaunganisha upya kwa kazi ya miaka mingi.

Basi, kitu kilichofutwa hakirejeshwi namna hii. Kufuta ni kuondoa hata alama, kama mwalimu afutavyo ubao. Anayesema mazungumzo yale "yalifutwa" anasema yasiyo kweli.

Mtu aweza kuuliza: yatudhuru nini? Jibu limo katika kisa cha Grand Theft Auto: San Andreas, cha kampuni ya Rockstar. Mchezo huo ulitolewa mwaka 2004, ukiwa umepewa daraja la watu wa miaka 17 na zaidi na bodi ya kuainisha michezo ya Marekani. Katikati ya mwaka 2005, ulipotoka kwa kompyuta, ilienea programu ndogo iliyojulikana kama Hot Coffee, ambayo ilifungua onyesho la kujamiiana lililokuwa limeachwa na watengenezaji. Kampuni kwanza iliwatupia lawama wavamizi wa programu. Lakini ilidhihirika kwamba onyesho lenyewe lilikuwamo hata katika diski zilizouzwa tangu 2004. Programu ile ilizibua mlango tu, haikujenga chumba. Mwezi Julai 2005 bodi iliubadilishia mchezo daraja, ukawa wa watu wazima wa miaka 18 na zaidi peke yao, na maduka makubwa yakauondoa. Bodi ikawataka wachapishaji tangu hapo watangaze hata maudhui yaliyofungwa, maadamu yamo katika bidhaa. Shauri zima lilisimama juu ya vitenzi: kufuta, kufunga, kuongeza.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao hatuna budi kuutumia. "Kilichofichwa" kina mtendaji: yupo aliyekificha, na aweza kuulizwa kwa nini. "Kilichofichika" hakimtaji mtu. Kimekaa tu mahali pasipoonekana. Mtumishi wa serikali anayeandika barua kuhusu mchezo kama huo, akichagua -fichwa, amekwisha kushtaki. Akichagua -fichika, ameeleza hali. Yote mawili yana mahali pake, ila yasibadilishane kwa bahati.

Vivyo hivyo "yasiyotumika" na "yasiyotumiwa". La kwanza laweza kusomwa kuwa hayafai kutumika, yameharibika. La pili lasema tu kwamba hakuna aliyeyatumia. Michezo ya kwanza ya Pokémon, iliyouzwa Japani mwaka 1996, yatufundisha tofauti hiyo. Zana za kutafutia makosa zilipoondolewa, ilipatikana nafasi ya baiti zipatazo 300, na mtayarishaji Shigeki Morimoto akampachika humo kiumbe aitwaye Mew. Hapakuwa na njia ya kawaida ya kumpata. Hata hivyo kiumbe yule alikuwa mzima, na baadaye kampuni ilimgawa kwa wachezaji 20 kwa bahati nasibu ya gazeti. Hakutumiwa, lakini alitumika vizuri sana.

Kwa jumla ya vitu hivi tunapendekeza "masazo", kutokana na kitenzi kusaza, kama tusemavyo kula na kusaza. Tumelipima "makombo", tukaliona lina dharau. "Masalio" ni zuri, lakini latokana na kusalia, na vitu hivi havikusalia vyenyewe, vilisazwa. Wapo watakaopenda "kiporo" kwa kile kilichowekwa ili kitumiwe katika mchezo ujao, na sisi hatuna chuki na neno hilo, ingawa katika hati ya serikali litachekesha.

Masazo yasichanganywe na siri iliyowekwa makusudi ili igunduliwe, kama chumba ambamo Warren Robinett aliandika jina lake katika mchezo wa Adventure wa Atari, kwa sababu kampuni haikuwa ikiwataja watunzi. Hiyo ni fumbo, na fumbo lina mlango.

Kwa mwandishi wa kanuni au mkataba, neno "maudhui ya mchezo" peke yake halitoshi, maana mchapishaji atadai ni yale yanayoonekana. Na aandike: "maudhui yote yaliyomo katika bidhaa, yawe yanafikiwa na mchezaji au yamezibwa, pamoja na masazo."