Kunyoosha nywele nyumbani: pasi si sawa na dawa

Nchini Tanzania na Kenya, wanawake wengi hunyoosha nywele nyumbani, ama kwa pasi ya umeme ama kwa dawa. Machoni matokeo hufanana, lakini njia hizo ni mbali kabisa.

Joto la pasi hulegeza vifungo dhaifu vilivyomo ndani ya unywele, navyo hurudi nywele zinapopata maji. Ndiyo maana katika Mombasa au Dar es Salaam, penye hewa ya unyevu, nywele huanza kujikunja upya mapema. Zipigwe pasi zikiwa kavu kabisa, kwani maji yaliyonaswa ndani huchemka na kuzikata.

Dawa huvunja vifungo vya salfa, ambavyo havirudi. Baadhi zina sodiamu haidroksaidi, kemikali ya kutengenezea sabuni, iwezayo kuunguza ngozi na macho. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, uliona kwamba waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka walikabiliwa na hatari zaidi ya maradufu ya saratani ya mfuko wa uzazi, ingawa haukuthibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo.

Anayeichagua dawa aipake kwenye nywele zilizoota upya pekee, wala asizidishe muda ulioandikwa kwenye kopo.