Upendo na Ukweli



Muhula huu sisi Wakristo wa Kidato cha Nne tumebishana sana juu ya swali hili: mtu ampendaye mwenziwe, je, amwambie kosa lake au anyamaze? Nimeona vema nieleze jambo hili kwa kadiri ya ufahamu wangu, maana linawahusu hata wenzetu wa dini nyingine.

Upendo usio na ukweli ni kama mganga anayemwambia mgonjwa kuwa ni mzima kwa kuogopa kumhuzunisha. Mgonjwa atafurahi leo, kesho atazidiwa. Nao ukweli usio na upendo ni kumtangazia mwenzio kosa lake mbele ya watu ili achekwe. Hapo kosa halitengenezwi, hufichwa zaidi.

Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso (sura ya 4, mstari wa 15), aliyaunganisha mambo haya mawili. Naye Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 18, alifundisha utaratibu wake: kwanza mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, asiposikia, ndipo uchukue mashahidi.

Mfano mkubwa tunao kwa jirani zetu wa Uganda. Mwezi wa Februari mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shule, pamoja na maaskofu wenzake, walimwandikia Rais Idi Amin barua juu ya mauaji ya raia. Hawakumtukana. Waliandika kwa adabu, wakamwambia yeye mwenyewe, wakatia sahihi majina yao. Tarehe 16 ya mwezi huo Luwum aliuawa. Serikali ilisema amekufa kwa ajali ya gari, lakini watu hawakusadiki.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyepata kufundisha shule huko Dodoma, alikimbilia Rwanda kwa miguu kupitia milimani. Mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin". Watu wengi walishangaa. Lakini hakusema kuwa Amin hana kosa, maovu aliyataja. Alieleza kwamba imempasa kumsamehe, kwa sababu Kristo msalabani aliwaombea waliomsulubisha. Basi kusamehe si kusema uongo juu ya kosa.

Sasa turudi bwenini. Mwaka jana nilijua kuwa rafiki yangu anachukua fedha katika matranka ya wadogo wa Kidato cha Kwanza. Kumshtaki mara moja kungeweza kumfukuzisha shule. Kunyamaza kungewaacha wadogo wale wakose hata sabuni. Nilimwita kando, nikamwambia nijuayo, nikamwahidi kwamba akienda kwa patroni nitakwenda pamoja naye. Alikasirika siku tatu. Siku ya nne tukaenda. Alipewa adhabu kali, akarudisha fedha kidogo kidogo. Mpaka leo hanisalimu kama zamani, na jambo hilo huniuma. Lakini wadogo wale sasa wanalala bila kukalia matranka yao.

Kwa hiyo, kabla ya kusema, tujiulize maswali matatu. Je, nitamwambia mwenyewe, au nitawaambia wengine? Je, nataka apone, au nataka aaibike? Je, ni tayari kupata hasara kwa ajili ya neno hili? Tukiweza kujibu vizuri, na tuseme. Tukishindwa, tutengeneze moyo kwanza, lakini tusikawie mno, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Wahenga walisema kuwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nami naongeza: awe mpenzi wa jirani yake pia. Wazazi wetu na walimu wetu, nanyi tusemeni namna hiyo hiyo tunapokosa.